Bendi ya Mabati Haihesabiwi na Kisanduku

Hotelini, mji wa tatu
3 Machi

Mjukuu wangu,

Barua yako nimeipata, nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili haikunipendeza. "Bibi, pumzika." Nani kakwambia nimechoka? Nina miaka sitini na sita, magoti yananigombeza nikipanda ngazi, lakini mimi sipigi ngoma nikipanda ngazi. Napiga nimekaa. Aliyechoka ni huyo anayekaa kuandika barua za kuwapumzisha wenzake.

Kabla hujauliza: nakula, nalala, dawa ya presha nameza. Chumba changu kiko ghorofa ya tisa. Dirisha halifunguki, na kitanda kina mito sita kama vile nina vichwa sita. Babu yako Kimya yuko chumba cha pili, nasikia anavyofua soksi zake kwenye sinki, maana mdogo wangu huyo hajawahi kumwamini binadamu yeyote na soksi zake. Fundi Redio yuko ng'ambo ya ukumbi na gitaa lake na mgongo wake. Sisi watatu ndio tuliobaki kati ya watano wa mwanzo. Wanaopiga besi na kinanda ni watoto wa juzi, wana adabu, wananiita Mama.

Kwa hiyo sikia vizuri. Bendi ya Mabati inatimiza miaka arobaini ya kupiga roki, na inazunguka dunia, miji ishirini na miwili. Bendi hii ilianzia kwenye karakana ya baba yangu, mimi nikigonga mabati ya matangi ya maji, Kimya akiimba kwa sababu kuongea kulimshinda. Nimeianza mimi. Sitaimaliza nikiwa kwenye kochi nyumbani kwenu na blanketi magotini.

Ila nina adui. Msimamizi wa ziara hii ni bwana mmoja mrefu, shati limenyooka, anatembea na karatasi ya ratiba hata msalani. Mimi namwita Bwana Ratiba. Kaleta kisanduku kidogo chenye taa nyekundu, kinatuma sauti masikioni mwetu: tik, tik, tik. Anasema taa, moshi na sinema ya picha zetu za ujana vyote vinafuata kisanduku hicho, kwa hiyo na sisi tukifuate. Mwanzo wa wimbo unazunguka mara nane, tunaingia. Si saba, si tisa. Nikamwambia, "Baba, mimi nilikuwa nahesabu muziki wewe hujaota meno." Akacheka. Nami nikacheka. Kisha nikakichomoa kile kidude cha sikioni nikakitia kwenye kiatu.

Sasa wewe. Mama yako anasema umeanza tena kujifungia, kigugumizi kimekuzidi. Nimekwambia tangu ukiwa na miaka sita, na nakwambia tena: mtazame babu yako Kimya. Huyo kuomba chumvi tu mezani anapambana mpaka chakula kinapoa, lakini akishika maikrofoni anatiririka kama bomba lililopasuka. Magazeti yote yameandika hivyo. Nawe neno lako litafunguka.

Kula vizuri. Na usinipumzishe.

Bibi yako


Nyumbani
11 Machi

Bibi,

Shikamoo. Usikasirike kabla hujamaliza kusoma.

Kuna video yako inazunguka kwenye simu za watu. Ni ya mji wa nne, mwanzo wa ule wimbo wenu "Kutu". Gitaa linazunguka mara nane, taa zinalipuka, moshi unatoka, sinema inaanza, na wewe unaendelea kuzungusha tu. Mara tisa, mara kumi, mpaka kumi na nne. Babu Kimya kasimama mbele anawatazama watu. Ukija kuingia, moshi umeshaisha na sinema iko ubeti wa pili. Mtu kaandika chini yake: "Bibi kapotea, mwenye kumwona amrudishe nyumbani." Wamecheka watu elfu mia na zaidi, Bibi. Wengine wamekuunganisha na picha ya ng'ombe barabarani.

Mama alilia. Halafu akaanza kukumbuka vitu. Kwamba mwaka jana ulisahau miadi ya macho. Kwamba uliniita kwa jina lake mara tatu siku moja. Ameshaongea na daktari, na anataka urudi upimwe kichwa.

Mimi sijui niseme nini, ndiyo maana naandika. Kwa nini usivae tu hicho kidude? Ni kuhesabu nane. Unaweza kuhesabu nane, sivyo?

Kazini, Fundi Miwani mwenye duka anataka nitoke karakana ya nyuma nikakae kaunta. Anasema nina jicho zuri kuliko wote, naona lenzi iliyopinda kabla hajaiweka kwenye mashine, kwa hiyo nikawapime watu na kuwaelekeza. Kuwaelekeza kwa mdomo! Nimemwambia nitafikiri. Nilichukua muda mrefu hata kusema hilo, na yeye alikuwa anatazama saa.

Mjukuu wako


Hotelini, mji wa sita
20 Machi

Wewe mtoto,

Nimepotea? Mimi?

Mwambie mama yako akaushe machozi. Kumwita mjukuu kwa jina la mama yake si ugonjwa, ni kuwa na watoto wengi wasiosikia. Miadi ya macho sikuisahau, niliikwepa. Na kupimwa nimeshapimwa hukuhuku, maana Bwana Ratiba naye anazo simu, naye kaona ng'ombe.

Kaniletea daktari chumbani, binti mpole, mikono ya baridi. Ananiuliza leo ni siku gani. Nikamwambia. Tuko mji gani. Nikamwambia, na nikamwambia na chumba chake yeye ni namba ngapi. Akasema nihesabu kutoka mia kurudi nyuma nikiondoa saba saba. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi niliacha shule darasa la nne. Hiyo nilikuwa siiwezi hata nikiwa na akili zote." Akacheka mpaka akavua miwani. Akaandika kwamba kichwa changu ni kizima. Karatasi ninayo.

Bwana Ratiba aliposoma karatasi hiyo uso ulimshuka. Angalau ugonjwa ungekuwa na heshima kidogo. Sasa ananiona mkaidi tu. Akaitisha kikao, sote mezani, chupa za maji mbele yetu kama mahakamani. Akasema hivi: nipewe miji miwili nifuate kisanduku. Nisipofuata, kuanzia mji wa tisa nakaa pembeni, anapiga mwingine. Na huyo mwingine kashafika! Mwanamke wa miaka thelathini hivi, mikono myepesi, fimbo zinamtii. Nilimsikiliza akijaribu ngoma zangu nikatafuta kosa, nikakosa. Hilo limeniudhi kuliko kikao chote. Angekuwa mbovu ningemdharau, nikalala.

Fundi Redio alinitetea. "Mabati bila huyu mama ni bati gani?" Bwana Ratiba akamjibu watu wamekuja kuona onyesho, si kumsubiri mtu atafute njia. Babu yako Kimya alikuwepo. Alikuwa anabandua karatasi ya chupa, akaibandua yote, akaikunja ndogo kama kucha.

Unaniuliza kwa nini nisihesabu nane. Naweza. Sitaki. Usiniulize kwa nini, maana sitakujibu, na mama yako akiuliza mwambie bibi ana kichwa kigumu, hilo analijua tangu tumboni. Wacheke. Waniunganishe na ng'ombe, na mbuzi, na punda. Kwenye kile kiti nitatolewa na mtu kunibeba, na mimi si mwepesi.

Kaunta nenda. Unaogopa nini? Mtazame babu yako.

Bibi


Nyumbani
31 Machi

Bibi,

Shikamoo.

Nimemtazama babu, kama ulivyosema.

Nilizitoa kanda zako zote kabatini, na zile za video za zamani. Nimekaa nazo siku nne baada ya kazi. Nilitaka kujua ulianza kupotea lini, ili nimwambie Mama kwamba ni hivi karibuni tu. Nikawa naandika kwenye daftari: "Kutu", mwanzo unazunguka mara ngapi.

Kanda ya kwanza, mara kumi na mbili. Ya pili, tisa. Halafu ishirini na mbili. Halafu saba. Kanda ya mwaka niliozaliwa, kumi na tano. Nyimbo nyingine zote hivyohivyo. Hakuna maonyesho mawili yanayofanana, Bibi, miaka arobaini yote. Hukupotea juzi. Labda hukupotea kabisa.

Nikarudi mwanzo nikaacha kuhesabu, nikakutazama macho. Hutazami fimbo. Hutazami watu. Kila kanda unatazama mahali pamoja, mgongo wa babu. Bega lake la kushoto linapanda mpaka karibu na sikio, na shingo inakaza. Unazunguka, unazunguka. Halafu bega linashuka, na papo hapo wewe unapiga ule mpigo mrefu, wote wanaingia, naye anaimba.

Mimi najua bega hilo. Ninalo. Ndivyo linavyonipanda neno likinikwama kooni.

Babu anakwama. Hata akiwa na maikrofoni. Anakwama kila wimbo kabla ya neno la kwanza, na wewe unamsubiri, na dunia nzima inadhani ni mtindo.

Mlinidanganya. Nilikuwa na miaka sita. Nililala na picha yake ukutani miaka yote. Nilijiambia nikipata kitu changu, kama yeye alivyopata kuimba, litafunguka. Nilijaribu kuimba, Bibi. Nilijaribu kuchora, kukimbia, kuongea peke yangu bafuni. Kila mara likigoma nilijiona mimi ndiye mbovu, maana babu lake lilifunguka. Na kumbe halikufunguka! Alikuwa na mtu nyuma yake tu!

Kaunta sijaenda. Picha nimeibandua.

Mjukuu wako


Hotelini, mji wa nane
9 Aprili

Mjukuu wangu,

Nilikaa na barua yako siku mbili. Fundi Redio alinigongea mlango akidhani nimekufa.

Macho yako ni mabaya. Waandishi wa magazeti walikuja na kamera, wakaja wasomi wa muziki na miwani minene, mmoja akaandika kitabu kizima kuhusu "mianzo isiyotabirika ya Mabati". Eti tumeiga mdundo wa mashine za viwandani. Nilisomewa nikacheka mpaka nikaumwa mbavu. Wote hao hawakuona. Ukaona wewe, na kabati la kanda.

Basi nikwambie, maana nusu ya habari ni mbaya kuliko uongo.

Onyesho letu la kwanza lilikuwa Jumamosi alasiri, ukumbi wa sinema tulioazima, viti vimechanika. Karakanani Kimya alikuwa akiimba vizuri, kwa sababu pale tulikuwa sisi tu na mabati. Siku ile pazia likafunguka akaona watu. Tukazunguka mara nne kama tulivyopatana. Kimya. Ndiko jina hilo lilikotoka, si kule anakowaambia waandishi. Nikaona bega linapanda. Ningefanya nini, nimwache mdogo wangu asimame pale kinywa wazi? Nikazunguka tena. Fundi Redio akanikodolea macho, nikamwambia kwa kichwa, zunguka. Mara ya sita watu wakaanza kupiga makofi, walidhani tunawapandisha hamu. Mara ya kumi na moja bega likashuka. Nikafungua. Akaimba, na ukumbi ule ulikuwa nusura udondoke.

Baada ya hapo alinivuta nyuma ya ukumbi. Akaniapisha. Alichukua muda mrefu kuliko onyesho lenyewe kuyasema, lakini aliyasema: nikimwambia mtu yeyote, anaacha kuimba. Nikaapa. Fundi Redio anajua kwa kuwa ana macho, lakini hata sisi wawili hatujawahi kulisema. Kazi yetu iko hivyo: namtazama bega, wao wananitazama mimi. Hakuna anayehesabu.

Sasa unaelewa kisanduku. Kisanduku hakioni bega.

Na unaelewa nilivyofungwa mdomo kwenye kile kikao. Nikisema ukweli, kiti changu nakipata, na mdogo wangu anaacha kuimba. Nisiposema, natolewa, anawekwa yule mwenye mikono myepesi, wanaingia kwa nane, na Kimya anaanikwa mbele ya watu kama nguo. Nimemfuata chumbani nikamwambia, "Sema. Au niruhusu niseme." Akafungulia maji, akaanza kufua soksi. Nilimtukana tusi nisilolitumia tangu baba yetu afe. Hakugeuka. Huyo ndiye ninayechekwa kwa ajili yake, na bado ni mdogo wangu, na bado nitachekwa.

Kuhusu uongo niliokupa: ndiyo, nilikudanganya. Ulikuwa umerudi kutoka shule, wiki nzima hujatoa neno hata kwa paka. Nikakupa kitu cha kushika. Magazeti yalikuwa yameshausema uongo huo, nami nikautumia. Sikujua kwamba ulikuwa unaubeba kama mzigo na kujipiga nao. Hilo ni kosa langu, sikulipima. Nimekosa. Unaliona neno hilo? Litazame vizuri, mimi siliandiki mara kwa mara.

Jana ilikuwa mara ya mwisho ya kupewa nafasi. Nilizunguka mara kumi na saba. Moshi ulitoka, ukaisha, mpiga kinanda akakohoa. Bwana Ratiba kakata kauli. Mji wa tisa, tarehe 26, uwanja mkubwa kuliko vyote, nakaa pembeni. Kanipa tiketi ya ndege ya kurudi nyumbani. Nimeikunja nikakazia mguu wa meza inayoyumba.

Siondoki. Wakinitoa kwenye kiti nitakaa kwenye sanduku. Mdogo wangu akianguka, atanikuta pale.

Usimwonyeshe mama yako barua hii.

Bibi


Nyumbani
17 Aprili

Babu Kimya,

Shikamoo.

Sijawahi kukuandikia. Tukikutana, wewe na mimi huwa tunakaa tu, na nilikuwa napenda hivyo.

Najua. Usimgombeze Bibi, sikuambiwa. Nililiona bega lako kwenye kanda ndipo yeye akanijibu.

Nina maneno machache na nimeyaandika upya mara tano ili yawe na adabu, na kila nikiweka adabu yanakuwa si ya kweli. Kwa hiyo yachukue hivi yalivyo.

Watu wanamcheka dada yako. Wanamwita ng'ombe. Mama yangu anatafuta nani atamtunza, kwa sababu anaamini akili zimemtoka. Wewe unajua akili zake ziko wapi, ziko kwenye shingo yako, zimekaa hapo miaka arobaini. Na ulikaa kikaoni ukabandua karatasi ya chupa.

Mimi naogopa kusimama kaunta ya miwani mbele ya mtu mmoja mwenye macho mabovu. Sikulaumu kwa kuogopa. Najua jinsi watu wanavyotazama mdomo wako, wanavyokumalizia neno lisilo lako, wanavyotabasamu. Lakini mimi nikiogopa naogopa peke yangu. Sijamweka mtu achekwe mahali pangu.

Picha yako ilikuwa ukutani kwangu kwa sababu nilidhani wewe hukwami. Ningekuwa na picha ya mtu anayekwama na akaimba, ingenifaa zaidi.

Mjukuu wako


Hotelini, mji wa tisa
28 Aprili

Mjukuu wangu,

Nimesoma barua uliyomwandikia babu yako, mwenzako wa kukwama. Alinipa mwenyewe, imekunjwa mpaka ukubwa wa kiberiti. Ni barua ya utovu wa adabu. Mtoto hamwandikii babu yake hivyo. Ningeiandika mimi kama nisingekuwa niliyemlea, na ningeiandika miaka thelathini iliyopita. Utamwomba radhi kwa ukali wa maneno. Kwa maneno yenyewe, hapana.

Sasa kaa nikueleze, kabla hujayapata kwenye hizo simu zenu yamekatwa vipande.

Onyesho lilikuwa la saa kumi na moja jioni, uwanja wazi, jua bado linachoma. Mimi niliambiwa nibaki chumba cha kubadilishia nguo. Nikabaki huko muda wa kufunga viatu tu. Nikaenda kukaa kwenye sanduku la nyaya, pembeni ya jukwaa upande wa kushoto, namwona Kimya kwa ubavu. Mlinzi akaja kunitoa. Nikamtazama, akakumbuka ana kazi mahali pengine.

Wimbo wa kwanza aliingia. Kwa bahati, anazo siku hizo. Wa pili ulikuwa "Kutu". Bega likapanda. Yule mwanamke wa ngoma anapiga vizuri, lakini macho yake yako kwenye taa ya kisanduku, ndivyo alivyofunzwa. Nane ikafika, wakaingia. Maneno ya wimbo yakaanza kupita kwenye skrini, uwanja mzima ukaimba ubeti wa kwanza, na mwenye wimbo kasimama mbele yao, shingo kama kamba ya kuvutia maji. Nilisimama. Sikujua nimesimama.

Ubeti wa pili alijaribu, ukampita. Kiitikio kikampita. Mtu mbele akaanza kuzomea, wengine wakamfuata.

Kimya akainua mkono.

Fundi Redio alinyamaza wa kwanza, kisha besi, kinanda, na mwisho yule mwanamke. Ila kisanduku hakijui kusimama! Taa zikaendelea kuruka, moshi ukatoka wakati wake, sisi wa miaka ishirini na kitu tukawa tunarukaruka kwenye sinema bila sauti, na chini yake wazee wamesimama tuli. Ungeona ungecheka. Mimi karibu nicheke, na machozi yako hapa.

Akashika maikrofoni akasema. Hakuimba. Alisema.

Jinsi alivyokwama sikuandikii, si kitu cha kuigiza. Alisema maneno saba, na yalichukua muda wa wimbo mzima. "Dada yangu hajapotea. Mimi nakwama. Yeye ananisubiri." Neno la nne lilimtesa kuliko yote. Kuna mtu alicheka. Mtu mwingine akamwambia, "Nyamaza wewe!" na sauti hiyo ilisikika mpaka nilipokaa. Baada ya hapo watu maelfu kwa maelfu walinyamaza wakamngoja amalize. Sijawahi kusikia uwanja hivyo.

Sikuitwa. Nilikwenda. Yule mwanamke aliinuka kabla sijafika, akanipa fimbo kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Usiondoke, chukua matoazi, mtazame bega." Akaniuliza, "Bega lipi?" Nikamwambia, "La kushoto. Taa ya kisanduku isahau." Halafu nikavuta waya wa kisanduku kwa mguu. Bwana Ratiba alikuwa anapunga mikono pembeni kama anaongoza ndege.

Tukaanza upya. Sasa wote wanajua, na yeye anajua kwamba wanajua, kwa hiyo alikwama kuliko siku zote za maisha yake. Kumi. Kumi na tano. Mkono wangu wa kulia ulianza kuwaka. Ishirini. Watu wakaanza kupiga makofi pamoja na mimi, si ya kumharakisha. Walikuwa wanazunguka na sisi. Mara ya thelathini na moja bega likashuka.

Nikafungua.

Hayo mengine utayasikia. Mimi sijui kusimulia wimbo.

Bwana Ratiba alikuja asubuhi na karatasi zake. Miji miwili imejitoa, wanasema walinunua onyesho lenye sinema na moshi, si wazee wa kungojeana. Waache. Imebaki kumi na moja. Kisanduku kimerudi kwenye boksi lake. Mtu wa taa atabonyeza kwa kidole chake, akinitazama mimi. Alilalamika hajui atajuaje muda. Nikamwambia, "Utajua ukitoa macho." Yule mwanamke amebaki, anapiga matoazi, na nimeanza kumfundisha, maana mkono huu wa kulia hautakuwa wangu milele. Usimwambie nimemsifu.

Mama yako amenipigia kuomba msamaha kwa mambo ya kichwa. Nimemwacha aombe kwa muda mrefu kidogo.

Na ameniambia jambo. Eti simu yangu ikiita nyumbani, wewe unampa yeye au unatoka chumbani. Miezi hii yote nilidhani uko kazini.

Kwa hiyo sikia. Sikwambii tena kwamba litafunguka. Babu yako ana miaka sitini na mitatu, juzi amesimama mbele ya watu wasiohesabika, na leo asubuhi ameshindwa kuomba chumvi. Haliponi. Ana mtu wa kumsubiri tu, na hiyo ndiyo siri yote, haina nyingine nyuma yake.

Jumapili, saa nne asubuhi kwa saa ya huko kwenu, utanipigia simu. Wewe, kwa kidole chako. Nitapokea nitanyamaza. Sitakumalizia neno, sitasema "haya, haya", sitakohoa. Nimemwambia Bwana Ratiba siku hiyo mazoezi hayaanzi mpaka niseme yameanza, na akigonga mlango atagonga mpaka vidole vimuume.

Ukikwama, kwama. Mimi simu sikati.

Bibi yako,
mpiga ngoma wa Bendi ya Mabati